Sekunde 11 za sahibu yangu

Klipu yenyewe ina sekunde 11 tu. Inaanza na mkono unapiga dhumna juu ya meza, kamera inapanda pole pole, unawaona vijana sita wamekaa barazani chini ya mkungu, mmoja anavuta sigara, mmoja anacheka kichwa kakirudisha nyuma, halafu kamera inaenda kutua kwa yule aliekaa pembeni peke yake, kainama, macho chini, kimya. Inaishia hapo. Nimeipiga mimi mwenyewe mtaani kwetu huku Ng'ambo, Unguja mjini, na huyo alieinama ni sahibu yangu toka tuko chuoni tunasoma juzuu, tumekaa mkeka mmoja na tumechapwa bakora moja. Jina lake sitolitaja, mwenyewe kaniomba, na kishaonyeshwa vya kutosha bila ya kuulizwa.

Nimeshika kamera na kuediti kwa miaka sita sasa, zaidi kwenye hizi televisheni za mtandaoni. Watu wengi wanafikiri anaewaonyesha vibaya vijana wa mitaani ni mtu wa mbali, mzungu kaja na begi lake kubwa, au mhariri wa Dar ambae hajawahi kukanyaga Kwahani. Mimi nimezaliwa hapa hapa. Kwetu jua linazama nyuma ya majumba ya Michenzani, yale marefu yalioanza kujengwa wakati wa Mzee Karume kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, na kila alieonekana kwenye ile klipu namjua mpaka kwao. Na bado nilifanya nilichofanya.

Siku ile nilikwenda kupiga stori ya mpira. Vijana wa maskani walichangishana elfu mbili mbili, wengine elfu moja, mpaka wakapata jezi seti nzima na mipira miwili, nikaona hii ni stori nzuri, nikamwambia mhariri akakubali. Sahibu yangu alikuwa ndo anarudi kazini muda ule, anafanya kibarua cha zege kwenye majumba mapya yanayojengwa upande wa Fumba, kashuka daladala kaja moja kwa moja barazani kabla hajaenda kwao kukoga. Pale alipoinama alikuwa anajibandua saruji iliomkaukia vidoleni. Sasa ukiitizama klipu huioni ile mikono, imekatwa na ukingo wa picha, unaona bega na shingo na uso tu. Niliekata ni mimi, mana jua la magharibi lilimpiga vizuri sana usoni nikaisogeza kamera karibu, na kwa mtu wa kamera ile ni picha ya kujivunia.

Stori ya mpira ikatoka, dakika mbili na nusu, mtaa mzima wakashea, mama zetu wakarushiana kwenye magrupu ya WhatsApp, basi ikapita.

Lakini picha haipiti. Ofisini tulikuwa na hard disk moja kubwa, ndani yake kuna mafolda ya picha za akiba, zile za kufunikia maneno pale mtu anapozungumza sana na huna cha kuonyesha. Folda moja imeandikwa SOKO, nyengine BANDARI, nyengine MVUA, nyengine WATALII, na moja VIJANA MASKANI. Nilikuwa nayafungua kila siku na sikuwahi kuliona kosa. Soko halina mwenyewe wa kukwambia usinitie hapa, na mvua vile vile, na sisi tukawekwa humo humo pamoja navyo. Ile klipu nikaitia kwenye folda lake kwa mkono wangu.

Mara ya kwanza ikatoka kwenye stori ya ajira. Sikushtuka, hata yeye aliiona akacheka, akaniambia leo umenifukuza kazi bwana.

Mara ya pili ndo hii. Tarehe 26 mwezi wa sita ni siku ya kupiga vita dawa za kulevya duniani, kila mwaka siku hiyo kuna mgeni rasmi, kuna hotuba, na lazima kuwe na stori. Tulikuwa na hotuba ndefu ya mtu kasimama nyuma ya maiki, na hotuba tupu haitizamwi, inataka kufunikwa na picha. Watumiaji wenyewe hatukuwa nao, na wale walioko soba hausi huwezi kwenda ukawapiga sura zao hivi hivi. Saa 5 usiku, nina usingizi, mhariri anapiga simu ya tatu anataka tuwahi kuposti kabla wenzetu hawajaposti. Nikafungua folda. Sauti inasema vijana wengi wamezama kwenye unga, nami nikazilaza zile sekunde 11 juu yake, na neno "unga" likaangukia sawasawa kwenye uso wa sahibu yangu kainama. Na mtu akiinama vile, kwa yoyote aliewahi kuona mateja, anasema huyu anasinzia, kishapiga. Nikapoza na rangi kidogo ili iwe na huzuni. Nikaposti nikalala.

Kama siku kumi baadae, baada ya alasiri, mama yake akapiga hodi kwetu. Mama yangu alikuwa anakuna nazi uani, akamkaribisha, akamtandikia mkeka, lakini yule mama hakukaa vizuri, alikaa upande kama mtu anaekwenda safari. Akatoa simu kwenye pindo la kanga yake, ya mtoto wake wa kike, skrini imepasuka, akanipa.

"Mwanangu, hii umeitia wewe?"

Nikamwambia ndio mama, nimeitia mimi.

"Mwanangu mimi anakula unga?"

"Hali, mama."

"Sasa mbona umesema anakula?"

Nikamwambia sijasema yeye, ile ni picha ya kuonyeshea tu. Akaniangalia muda, akasema, "Ya kumuonyesha nani?"

Nilikuwa na majibu ya kazini, nimefundishwa kwamba picha ya jumla haimkusudii mtu, lakini mbele ya yule mama alienipa boflo na chai miaka yote ya udogo wangu hakuna hata moja lililotoka. Kule uani mbuzi ya nazi ikanyamaza, mama yangu kaacha kukuna anasikiliza.

Ndo akanieleza. Posa ilikuwa imeshapelekwa upande wa Bububu, mambo yamekwenda vizuri, wameulizia mtaani wameambiwa kijana ana adabu na anaswali, wanangojea kutaja mahari tu. Video ikaingia kwenye grupu la familia ya binti. Mshenga akarudi na maneno ya kistaarabu, kwamba wanashukuru sana kwa heshima waliopewa lakini binti bado anasoma. Na binti kamaliza skuli mwaka juzi.

Usiku ule ule niliifuta. Haikusaidia, kurasa nyengine zilikuwa zishaichukua, wengine wamekata sekunde zile tu wakaweka maandishi yao makubwa mekundu. Nikamtafuta mshenga, nikamuomba anipeleke Bububu mwenyewe. Tulipokelewa vizuri, tukapewa sharubati, nikamuonyesha yule mzee stori ya mpira nzima kutoka mwanzo, nikampa na picha mbichi ambazo hazijakatwa, mikono inaonekana, saruji inaonekana mpaka kwenye magoti ya suruali. Aliangalia yote kwa utulivu, hakunikatisha. Alipomaliza akanirudishia simu akaniambia, "Wewe ni kijana mkweli, Mwenyezi Mungu akulipe. Lakini ile wameiona watu wengi, hii nimeiona mimi peke yangu."

Nimelirudia lile neno mara nyingi sana.

Nilipokuwa nachukua diploma ya habari, maalim wetu mmoja alituhadithia kisa cha Uingereza ambacho wakati ule nilikiandika daftarini kwa ajili ya mtihani tu. Mwaka 1964 kulikuwa na vijana wa makundi mawili, mods na rockers, wakigombana kwenye miji ya pwani siku za sikukuu, Clacton, Margate na kwengineko, na magazeti yakaandika kana kwamba kuna vita. Mtaalamu mmoja wa elimu ya jamii, Stanley Cohen, akafatilia kilichotokea na kilichoandikwa, akakuta fujo zilikuwepo kweli lakini zimekuzwa mno. Na kulikuwa na kijana mmoja Margate, kapigwa faini ya pauni 75, akamjibu hakimu kwamba atalipa kwa hundi. Magazeti yakalishika neno hilo: unaona, vijana wa siku hizi wamejaa mapesa, hawaogopi hata mahakama. Kumbe yule kijana alikuwa anajitutumua tu mbele ya watu, pauni 75 hana, akaunti ya benki hana, na hajawahi kutia saini hundi maisha yake yote. Hii ya pili magazeti mengi hayakujishughulisha nayo.

Siku natoka Bububu ndo kile kisa kikanirudia. Yule wa Margate alikuwa masikini akageuzwa tajiri kwa sababu habari ya wakati ule ilihitaji vijana wenye pesa wasiokuwa na adabu, na sahibu yangu alikuwa mfanyakazi akageuzwa teja kwa sababu habari yangu mimi ilihitaji teja. Yani habari ilikuwa na nafasi yake tupu inasubiri mtu, na anaechukuliwa kujaza nafasi siku zote ni yule ambae hana wa kumpigia simu mhariri.

Nikaanza kuzipitia kazi zangu za nyuma. Nilikuwa nafanya usiku peke yangu, na nilichokuwa natafuta ni kitu kidogo tu, yale maandishi ya chini ya skrini yanayosema huyu ni nani. Kijana wa ofisini, mwenye kampuni yake ya utalii, mtoto wa mtu anaejulikana, alierudi masomoni nje, huyo ana jina lake la kwanza na la baba na chini yake cheo, mjasiriamali, mdau, mwanaharakati. Wa kwetu kaandikwa "Kijana", basi, au "Mkaazi wa Kwahani". Wengine hawana hata hilo. Na maandishi yale nimeyachapa mimi herufi kwa herufi! Sikuambiwa na mtu niandike hivo. Ni kwamba nikenda kwa yule wa ofisini ananipa kadi yake kabla sijawasha kamera, na nikenda barazani nawasha kamera kwanza, nikimaliza nasema shukran masela, naondoka, na majina yao nayajua kwa lakabu tu.

Halafu nikayasikiliza maswali yangu. Huyu wa kwanza namuuliza unaonaje, una maoni gani, serikali ifanye nini. Wa pili namuuliza imekuwaje, kwa nini mnakaa hapa, mnapata wapi pesa. Mmoja anaulizwa akili yake na mwengine anaulizwa shida zake, na mtu ukimuuliza shida tu atakupa shida tu, akishazitoa unasema vijana hawa hawana mawazo. Wakati barazani kwetu kila usiku wanachambua bei ya karafuu, bajeti, Palestina, mpaka kwa nini dizeli imepanda, ungewatilia maiki bila ya kuwaambia ungepata kipindi cha saa mbili kila siku.

Tena sio kwamba siku zote tunaonyeshwa kwa ubaya, na hili watu hawaliangalii sana. Nenda Forodhani jioni, uwaone wale vijana wanaoruka makachu, wanakimbia wanajirusha hewani wanapindua wanaingia baharini, umati wa watalii umenyanyua simu. Ukiona video ya kutangaza Zanzibar kuna uwezekano mkubwa utawaona, polepole, jua nyuma yao, ngoma zinapigwa. Pale ni furaha ya kisiwa. Saa 3 ya usiku kijana yule yule kakaa barazani kwao anaitwa muhuni, na akimsogelea mtalii amuonyeshe njia anaitwa papasi. Sahibu yangu na yeye karuka sana makachu alipokuwa na miaka 16, 17, na simu ngapi za watu huko Italia na Poland zina mwili wake hewani, Mungu ndie anaejua. Hajui mtu hata mmoja kati yao jina lake, na wao hawakuuliza. Kusifiwa na kutukanwa kote mdomo wake mwenyewe haukufunguliwa.

Na matangazo ya nyumba. Hili linaniuma kuliko yote kwa sababu ya saruji. Unayaona mitandaoni, kijana kavaa shati jeupe, laptop mezani, kikombe cha kahawa, roshani inatizama bahari, ndo kijana wa kisasa huyo, ndo mfano. Alieipandisha ile roshani kwa karai kichwani anatoka Ng'ambo alfajiri na daladala ya kwanza, na yeye ukimtafuta kwenye skrini utamkuta kwenye stori ya wasiokuwa na kazi.

Bibi yangu nilipomueleza mambo haya akanikumbusha Fumba nyengine. Siti binti Saad kazaliwa huko huko Fumba, wazee wake wafinyanzi, akija mjini kuuza vyungu, na mwaka 1928 akapanda meli kwenda Bombay kurikodi santuri, sauti yake ikajulikana Afrika Mashariki nzima. Alipopata jina watu wakamtungia maneno ya kumkumbusha alikotoka, kwamba kaja kutoka shamba kavaa kaniki na lau si sauti angekula nini. Na kaniki wakati ule ilikuwa nguo ya mtumwa na ya mnyonge, mtu akisikia neno hilo moja keshajua anaambiwa nini. Siti akawajibu kwa kuimba, sura si hoja, akili ndo hoja. Bibi akasema, yeye alikuwa na sauti ya kuwajibu, na santuri yake ilifika kule kule yalikofika matusi yao. Huyo rafiki yako atawajibu na nini?

Nadhani ndo mana nikaanza kufikiri hata kuhusu jina letu. Ng'ambo ni upande wa pili. Upande wa pili wa nani? Zamani kulikuwa na mkono wa bahari pale Darajani, maji yanaingia yanatoka, na aliesema "ng'ambo" alikuwa kasimama Mji Mkongwe anatutizama sisi. Maji yamefukiwa zamani, leo ni barabara na maduka, lakini kamera bado zinasimama pale pale. Mji Mkongwe tangu mwaka 2000 uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO na unastahiki, sina neno na hilo, ila wakija watu kupiga filamu wanapiga milango ya Mji Mkongwe, halafu wakitaka umasikini wanavuka barabara.

Na msifikiri Bara tunaonekana vizuri zaidi. Kwenye vichekesho vya kule Mpemba ni muuza duka anaesema yakhe kila neno la tatu, bahili, au ana majini. Nina binamu zangu Wete na Micheweni, mmoja ni nesi, mmoja fundi wa sola anaepanda mapaa ya watu kisiwa kizima, mmoja kila msimu anapanda juu ya mikarafuu kuchuma na anajua kutofautisha karafuu iliokaushwa vizuri kwa kuivunja kikonyo tu. Yule wa nesi alipokwenda Dar kusoma aliniambia mwaka mzima wa kwanza alikuwa anazungumza kidogo darasani, kila akifungua mdomo wanacheka kabla hajafika kwenye hoja. Na hapa Unguja mjini sisi wenyewe tunawafanyia Wapemba hivo hivo, nimeediti mimi vichekesho vya namna hiyo na nimelipwa.

Niliporudi kazini nikamwambia mhariri mambo mawili. Folda lile tulifute, na mtu yoyote tunaempiga uso wake tuandike jina lake kamili na tarehe na tumepiga kwa ajili ya nini, na isitoke kwenye habari nyengine bila ya kumpigia simu. Hakugomba, akaniambia tu "unajua sisi ni watu wanne hapa". Na kweli tulikuwa wanne, kazi ya watu kumi, na stori isiokuwa na picha haifunguliwi na mtu, na isiofunguliwa haina tangazo, na bila ya tangazo mimi silipwi. Sikuwa na jawabu ya hilo na mpaka leo sina kamili. Nilikaa miezi minne nikaondoka, sasa napiga harusi na kazi za watu binafsi, na stori moja moja ninazozifanya mwenyewe.

Ninavyofanya sasa ni hivi. Nikifika barazani kamera inabaki begini. Nakaa, nakunywa kahawa, naandika majina kwenye daftari kabla ya kitu chochote, la kwake, la baba, la babu, na nauliza kazi yake anayoiita yeye, sio ninayoiona mimi. Mmoja aliniambia niandikie "fundi tailizi", nilikuwa ningeandika kijana. Naonyesha na mikono. Nikipiga uso lazima nirudi nyuma nipige na mikono na kilichoko mikononi. Na kwa mambo ya unga naonyesha jengo, au mlango, au mtu aliekubali mwenyewe kwa mdomo wake kuzungumza, kama hapana basi hotuba itoke kavu. Inachosha, na kazi ya saa moja inakuwa ya siku mbili. Wapo waliokataa kabisa kupigwa wakishajua itakwenda wapi, na zamani hao wote ningewapiga tu.

Sahibu yangu hakunikata. Alikaa wiki tatu hivi hanisemeshi, tukikutana msikitini anatoa salamu ya wajibu, halafu siku moja akanikuta barazani akaketi upande wangu, akavuta meza akachanganya dhumna. Kule Bububu hakurudi, binti kaolewa na mtu mwengine. Yeye sasa si mbeba zege tena, anajenga, ana vijana wawili chini yake, na bado hajaoa.

Mwezi uliopita klipu ikatoka tena. Ukurasa siujui hata wa nani, habari yenyewe ya wizi wa simu, na ubora wa picha umeshaharibika kwa kunakiliwa, uso unatetemeka, lakini ni yeye. Niliwaandikia wenye ukurasa, nikawaeleza, wakasoma hawakujibu. Nikawaza nimwambie au nisimwambie. Nikampelekea. Akanipigia akasema anayo tayari, wamemrushia watu watatu, kisha akanifungulia simu yake jioni barazani akanionyesha, anazihifadhi zote pahala pamoja: ya ajira, ya unga zile mbili, ya uchaguzi, ya vijana kuacha skuli, hii ya wizi. Ya kwanza kabisa juu ni ile ya mpira. Akaibonyeza tukaitizama yote dakika mbili na nusu, na tulipofika pale alipoinama akaisimamisha kwa kidole, akaniuliza kama zile picha mbichi za mikono bado ninazo, nimtilie kwenye flashi.